Kazi ya Ijumaa

Jumapili, 1 Juni 2003. Mkomaindo, Masasi

Nimenunua daftari hili kwa sababu kazini siri haina pa kulala. Ukimwambia Optatus jambo, linafika Newala kabla ya pikipiki yake. Basi nitaandika hapa, na asiyependa asisome.

Mimi ni Ethel, binti wa Mwalimu Benedikto, na tangu Januari ndimi mtu wa kompyuta wa Maktaba ya Upendo. Wanalitamka hilo, "mtu wa kompyuta", kama wanavyomtaja mtu wa mizimu. Maktaba yetu ina vyumba viwili tu: kikubwa hapa Masasi, kidogo kule juu Newala. Mtoto wa Newala akiazima kitabu, au akirudisha, mtumishi wa kule anaandika kwenye kompyuta yake. Kila Ijumaa Optatus, tarishi wetu wa pikipiki, anateremka na flopi yenye kumbukumbu hizo. Naiingiza kwenye mashine ya hapa, na ikifika saa tisa alasiri programu inaamka yenyewe, bila kuguswa na mtu, inaunganisha kumbukumbu za Newala na zetu, kisha inatoa ripoti ya wafadhili. Tunaiita kazi ya Ijumaa.

Jana Mkurugenzi, Bwana Abrahamu, alituita ofisini kwake. Wafadhili wanakunja mkono. Siku hizi kila kitu ni soko huria, akasema, na maktaba nayo ijitetee. Bodi itakaa Septemba, kabla ununuzi wa korosho haujafunguliwa. Tawi lisiloonyesha wasomaji litafungwa na mtumishi wake atapunguzwa. "Na kama ni kompyuta ndiyo haionyeshi," akaongeza kwa ile sauti yake ya kubembeleza wagonjwa, "tutampunguza wa kompyuta. Au siyo, mwanangu Ethel?"

Nikacheka kwa adabu. Usiku sikulala vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Kazi ya Ijumaa imepita bila neno.

Ijumaa, 13 Juni

Imepita.

Jumatano, 18 Juni

Optatus ameleta habari kwamba jando limeingia Newala na vijiji vyote vya Makote. Wavulana wako porini, shule zimefungwa, ngoma hazimlazi mtu. "Hata Mama Mavumbi kampeleka wake," akasema.

Mama Mavumbi ndiye Pili, mtumishi wetu wa Newala. Ni Mmakonde, Mwislamu, mkubwa wangu kwa umri, mjane, mwenye mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili. Waliomtangulia walikufa wachanga, ndipo huyu akaitwa Mavumbi, ili mauti ikipita imdhanie uchafu wa uani. Baba alinikemea nilipolicheka jina hilo. "Usidharau," akasema, "amefika miaka kumi na mbili." Mimi nilicheka hata hivyo. Pili anachapa kwa kidole kimoja, na kila herufi anaitafuta kama aliyedondosha sindano.

Ijumaa, 27 Juni

Imepita. Ripoti ya Newala ni nyembamba, wasomaji wote wako porini.

Jumatatu, 14 Julai

Wavulana wa Newala wametoka jandoni. Optatus anasema kibanda chao cha porini kimechomwa moto, wamepakwa mafuta, wamepewa nguo mpya na majina mapya, wali umeliwa hadi mbwa wakashiba. Sisi wa Mkomaindo tulipewa majina kwenye maji ya ubatizo, nayo hayabadiliki mtu akipelekwa porini au asipopelekwa.

Ijumaa, 18 Julai

Kazi ya Ijumaa haikukamilika. Saa tisa mashine iliamka, ikanguruma, ikasimama. Skrini inasema kuna rejesho lisilo na mwazimaji, yaani mtu amerudisha kitabu ambacho hakukiazima. Upuuzi mtupu. Bila shaka ni flopi. Optatus huibeba mfuko mmoja na samaki wakavu.

Ijumaa, 25 Julai

Nilimpa flopi mpya, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni. Haikukamilika.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeshinda na hii mashine kama mama na mtoto mwenye homa. Nimesafisha mdomo wa flopi kwa pamba na spiriti. Nimebadilisha saa ya kazi kutoka tisa kwenda nne asubuhi, labda umeme wa alasiri ni dhaifu, kisha nikairudisha tisa. Nimeitoa programu yote na kuirudisha upya. Nimeiendesha kwa mkono mwenyewe, hatua kwa hatua. Inafika kwenye marejesho ya Newala na kusimama palepale. Nimempigia yule fundi wa Dar es Salaam aliyetufungia, simu yake imeshapewa kampuni ya mabasi.

Kwa kuwa mashine ya hapa ni nzima, na flopi ni nzima, aliyebaki ni Pili.

Ijumaa, 1 Agosti

Haikukamilika, na sasa ni wazi. Kwenye kumbukumbu zetu karibu vitabu vyote vya Newala viko nje, havijarudi. Nilipiga simu kwenye duka linalotazamana na tawi, nikaomba waniitie Mama Mavumbi.

"Nani?" mwenye duka akauliza.

"Mama Mavumbi. Wa maktaba."

"Hapa hakuna ntu huyo." Akakata.

Nikapiga tena, akakata tena. Wanamficha! Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Abrahamu nikamwambia kwamba vitabu vimekwenda, kwamba Pili anabandika marejesho ya uongo ili kuficha, na kwamba mji mzima unamlinda. Nilisema hayo nikiwa na hakika kama ninayesoma Injili. Bwana Abrahamu hakukasirika. Alichezesha kalamu na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeletewa chakula. "Kumbe," akasema. "Basi aje."

Ijumaa, 8 Agosti

Pili ameteremka. Alipanda lori la alfajiri, akafika kabla hatujafungua, akiwa na kanga ya safari na kifurushi cha ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, zawadi ya ofisi. Bwana Abrahamu aliagiza asubiri kwenye benchi la barazani. Akasubiri. Tukanywa chai, akasubiri. Tukala mchana, wali na mbaazi, mlango wazi, akituona. Sikumwamkia. Nilipita mbele yake mara nne hivi nikiwa nimeinama kwenye karatasi zangu, na nilifurahi kumpita, acha niseme ukweli. Kama kuna mtu wa kupunguzwa na asiwe mimi, awe huyo mwizi.

Saa kumi jioni aliitwa. Bwana Abrahamu hakumpa kiti.

"Vitabu viko wapi, Pili?"

"Viko rafuni, Baba."

"Mashine inasema haviko."

"Mashine haijafika Newala, Baba."

Nikacheka. Bwana Abrahamu naye akacheka, akamwambia kwamba katika maktaba za kisasa anayeaminiwa ni mashine, na kwamba polisi ni hatua chache kutoka pale. Pili akasimama amekamata ncha ya kanga. Akasema ana neno la kueleza, lakini ni neno la porini, haliwezi kusemwa na mwanamke mbele ya mwanamume asiye wa kwao. Bwana Abrahamu akasema hataki mambo ya porini katika ofisi iliyosimikwa kwa sala. Lori la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Sijui alilala wapi. Ming'oko alikula Optatus.

Jumatano, 13 Agosti. Newala

Bwana Abrahamu amenituma nikalete ushahidi. Nimepanda nyuma ya pikipiki ya Optatus, mchanga hadi kwenye meno. Huku juu ni baridi, upepo haupumziki, na maji ya kunawa unapewa kikombe kimoja na macho yakikuangalia usimwage.

Nilifika tawini mchana. Palikuwa na wanawake wawili na yule mwenye duka, wamekaa kizingitini. Nikasema kwa sauti ya ofisi, "Shikamoo, Mama Mavumbi."

Mwanamke mmoja aliweka kiganja mdomoni. Mwenye duka aliinuka akaondoka kama aliyeona mtu akijisaidia njiani.

"Mama Hamidu," Pili akasema taratibu. "Yule mwingine aliungua pamoja na kibanda. Usintaje tena, mwanangu. Hujui, ndiyo maana nakusamehe."

Kisha akanifungulia chumba. Vitabu vilikuwa rafuni. Vyote. Vimefutwa vumbi, vilivyochanika vimeshonwa kwa uzi mweusi. Nilisimama pale na begi langu la ushahidi, nikaona aibu, na aibu ikageuka hasira upesi kuliko ninavyoweza kueleza.

Alhamisi, 14 Agosti. Newala

Sasa naelewa yote, na lingekuwa jambo la kuchekesha kama lisingekuwa na bodi mwishoni.

Hapa mvulana akitoka jandoni anatoka na jina lingine. La utotoni limechomwa na kibanda. Kumwita kwalo ni tusi kubwa kuliko kumtukania mama, na yeye mwenyewe akiliitikia, amekubali kwamba hajawa mtu mzima. Basi mtoto aliyeazima kitabu mwezi wa Mei akiwa Jalala, mwezi wa Julai anakirudisha akiwa Bakari. Pili anamwandikia kadi mpya, Bakari, na kuandika kwamba Bakari amerudisha. Lakini Bakari hakuazima kitu. Jalala ndiye aliyeazima, na Jalala hatarudi kamwe. Saa tisa ya Ijumaa mashine inakuta rejesho lisilo na mwazimaji, inasimama. Inasimama kwa kadi moja, na nyuma yake kuna darasa zima.

Kwetu Masasi hili halikutokea kwa sababu wasomaji wetu ni akina Danieli na Bibiana, kuingia na kutoka. Na halingetokea popote kama kadi zingekuwa na namba. Wafadhili walitaka namba. Bwana Abrahamu ndiye aliyekataa, akasema namba ni za wafungwa, watoto wetu wana majina.

Nilimwambia Pili dawa ni rahisi. Programu ina mahali pa kuunganisha kadi mbili kuwa moja. Anitajie tu, Bakari alikuwa nani, Hamidu alikuwa nani, mstari kwa mstari.

"Siwezi."

"Hata wa kwako?"

"Wa kwangu ndiye siwezi zaidi." Alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia vumbi. "Wewe ni ntoto wa ntu, umesoma. Niulize kingine chochote."

Alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu, akanipa kitanda chake. Hamidu aliingia kunisalimu. Mrefu, shati jipya jeupe, kofia ya kufumwa aliyopewa na mjomba wake siku ya kutoka. Alisema shikamoo kwa sauti aliyoishusha makusudi ili iwe nene, na mama yake akageuza uso asimwone akitabasamu. Nikaona jinsi anavyompenda, na nikalala vibaya kwenye kitanda kile.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempelekea Bwana Abrahamu maelezo yote. Nikasema Pili si mwizi, nilikosea. Nikasema tutoe kadi za namba, kazi ya wiki tatu, jina la mtoto libadilike litakavyo na namba ibaki.

"Bodi ni tarehe tano Septemba," akasema. "Wiki tatu huna."

"Tuombe bodi isubiri, Baba."

Akanitazama kwa upole. Alinieleza kwamba amefikiria kuanzisha Kitengo cha Kompyuta, chenye mkuu wake na ofisi yake. Mkuu huyo hawezi kuwa mtu aliyeshindwa na kazi ya Ijumaa muda wote huu. "Wakusanye watoto. Kila mmoja ajitaje. Ni jina tu, mwanangu. Sisi tumestaarabika, na wao lazima waanze siku moja."

Nikajua kwamba ni vibaya. Nikasema ndiyo, Baba.

Ijumaa, 22 Agosti

Haikukamilika. Kesho napanda Newala.

Jumapili, 24 Agosti

Nimerudi. Naandika ya jana.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwaleta. Walijaa barazani, wavulana tu, mashati meupe na kofia, wamekaa wima kama wazee wa baraza kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kukaa. Uani kulikuwa na wasichana na watoto wadogo waliokuja kutazama, na wajomba kadhaa waliosikia kwamba kuna jambo. Nilitoa meza nje nikaweka kompyuta ya tawi juu yake, waya umepitishwa dirishani. Nilitaka waone mashine ikifanya kazi. Hilo pia ni kweli.

Kabla sijaanza Pili alinivuta nyuma ya mlango. "Nakuomba, mwanangu. Nimewaza usiku. Waingie ndani mmoja mmoja, mlango ufungwe, Optatus ni mwanamume wa hapa, amepita porini. Wamnong'oneze yeye, wewe usisikie, mimi nisisikie. Atachapa yeye. Itachukua siku nzima lakini itaisha."

Ningeweza kukubali. Nimekaa leo kanisani ibada nzima nikitafuta sababu ya kukataa kwangu, na nilizonazo ni hizi: Optatus hajui kuchapa, ningelazimika kulala Newala tena, na sikupenda kwamba wazo zuri limetoka kwake. Nikamwambia, "Sina siku nzima."

Nikasoma jina la kwanza. "Jalala."

Hakuna aliyeinua kichwa. Uani msichana mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Jalala wa darasa la sita. Alichukua kitabu cha hadithi za wanyama."

Upepo tu.

"Tupeni. Chuki. Sijali." Niliyasoma moja baada ya jingine, kwa sauti, na kila nililosoma liligonga mtu pale barazani, nilikuwa nawaona. Kope zinashuka, taya linakaza. Wajomba wakaanza kunung'unika Kimakonde. Mmoja akasema kwa Kiswahili ili nielewe: "Dada, acha. Unawavua nguo watu."

Nikazidi kukasirika. Mtoto wa Mwalimu Benedikto, nimesafiri kwenye mchanga, nimewatolea mashine nje, halafu wananinyamazia kama mwendawazimu wa sokoni! Nikasimama. Nikasema kwamba asiyejitaja ni mwizi wa kitabu. Hawakutikisika. Basi nikasema lile lililobaki. Nilinyoosha kidole kwa Pili aliyekuwa ameegemea mlango, nikasema, "Sawa. Vitabu vyote ni vya huyu. Yeye ndiye atakayekamatwa, na Jumatatu hana kazi. Endeleeni kukaa kimya."

Pili alitikisa kichwa, si kwangu, kwa mtu mwingine kule katikati. Anatikisa na kutikisa, macho yamemtoka. Nikafuata macho yake.

Hamidu alikuwa amesimama.

"Mavumbi," akasema. Sauti haikuwa nene tena. "Mavumbi ni mimi."

Wasichana waliangua kicheko, kile cha woga, kisha hata wadogo wakadaka, "Mavumbi! Mavumbi!" Wenzake waliokaa kulia na kushoto walisogea wakamwachia nafasi, kama anayenuka. Mwanamume mmoja akapanda barazani bila haraka. Nilijua ni mjomba kwa jinsi Pili alivyopiga magoti. Alimvua mtoto ile kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwake, akashuka. Hakumpiga. Ningependa angempiga.

Nami nikafanya nini? Nikachapa. Mavumbi, Hamidu, kadi mbili kuwa moja. Mashine ikalia mlio wake mdogo wa kukubali.

Wengine waliinuka wote kwa pamoja wakaondoka. Kabla jua halijazama walirudi, si kwa kundi, mmoja mmoja, na kila mwenye kitabu nyumbani, alichokiazima siku hizi kwa jina lake jipya, alikiweka chini kwenye ukingo wa baraza, bila kukohoa, na kwenda zake. Pili alivikusanya. Nilimwambia pole. Alinijibu kwa Kimakonde, neno fupi, na Optatus alikataa kunitafsiria njia nzima hadi Masasi.

Jumatano, 27 Agosti

Kwa kuwa vitabu vyote vimerudi, nimefuta kadi zote za Newala, za zamani na mpya, isipokuwa ile moja iliyounganishwa. Hakuna wa kuazima, hakuna wa kurudisha, hakuna pa mashine kukwama.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa tisa kamili mashine iliamka. Ikanguruma, ikapita Masasi, ikapita Newala bila kusita, printa ikaanza kukwaruza karatasi. Kazi imekamilika. Bwana Abrahamu alinishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya wote.

Ijumaa, 5 Septemba

Bodi imekaa. Niliingizwa kusoma ripoti yangu. Masasi, wasomaji kadha wa kadha. Newala, msomaji mmoja. Mzee mmoja wa bodi akauliza kama nina hakika. Nikasema mashine haikosei. Niliisikia sauti yangu ikisema hivyo.

Tawi la Newala limefungwa kwa kura zote. Walipomaliza waliletewa soda, na hapo barazani alikuwapo mgeni, Bwana Marko, mnunuzi wa korosho, mmoja wa hawa walioletwa na soko huria, shati lenye maua. Anataka ghala Newala, karibu na barabara, lenye paa zuri na sakafu kavu. Alikuwa na funguo za tawi mkononi. Zilikuwa funguo za zamani, zile za ziada za Bwana Abrahamu, na kamba yake ilikuwa imeshachakaa kwenye vidole vya Marko. Haya hayakupangwa leo wala jana.

Niliketi katika ofisi yangu mpya. Ina dirisha. Kama ningeleta zile namba Bwana Abrahamu angekataa. Kama ningemkubalia Pili siku ile angetafuta kisingizio kingine. Nimeyaandika haya ili niyaone yakiwa yameandikwa, na hayanisaidii. Huyu mzee alihitaji mtu wa kufukuza wasomaji kwa mikono yake mwenyewe na bado aitwe mtaalamu. Akanipata mimi, bila hata kunitafuta.

Ijumaa, 19 Septemba

Imepita.

Jumapili, 28 Septemba

Nilimuuliza Optatus habari za Pili. Siku hizi hasemi nami ila nikimuuliza. Anasema watoto wanaruka uzio wake wakiimba lile jina. Wajomba wamekaa kikao, wamesema mtoto aliyejiita mwenyewe hawezi kurudishiwa jina, asubiri jando lijalo aingie na wadogo wake. Hamidu ameacha shule. Nikasema nitakwenda kuwaomba radhi wajomba. Optatus akasema, "Utawaambia nini, dada Ethel? Kwamba hukujua?"

Nilikuwa najua. Nimejua tangu usiku ule kwenye kitanda cha Pili.

Jumamosi, 11 Oktoba. Newala

Nimetumwa na pikapu kuchukua kompyuta na rafu. Ununuzi wa korosho umefunguliwa jana, na mlango wa tawi ulikuwa wazi. Ndani magunia yamefika kwenye linta, harufu ya mabibo imejaa, na vitabu vimerundikwa kona moja chini ya turubai. Bwana Marko alikuwa mizanini, anapigia kelele wapagazi.

Pili alikuja kunikabidhi ufunguo wake. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama." Sikuongeza jina, nilikuwa nimeipanga salamu hiyo njia nzima nisikosee. Aliweka ufunguo kwenye rafu tupu, si mkononi mwangu. Hakuitikia. Nilingoja, kwa sababu sijapata kumwamkia mtu mzima akaniacha hewani, na alikaa pale mlangoni akitazama magunia hadi mimi mwenyewe nikageuka.

Mpagazi mmoja alipita na gunia kichwani, mdogo kuliko wote, miguu inatetemeka. Nikamtambua kwa shati. Lilikuwa limegeuka rangi ya udongo.

"We!" Marko akaita. "We, upesi!"

Akageuka mara moja, akaenda upesi. Nilimuuliza Marko mtoto yule anamwitaje. Akasema, ah, huyo hataki kuitwa, nimemuuliza jina la kumwandika akasema andika lolote. Basi huitikia "we".

Alipotua gunia nilimsogelea. Nilikuwa nimebeba kitabu cha hadithi za wanyama, nimekiokota chini ya turubai, sijui nilidhani kitafanya nini. "Hamidu," nikasema. Hakugeuka. Nikasema tena, chini zaidi, "Hamidu, mwanangu. Nimekosa."

Alijifuta jasho kwa kiwiko. Alinitazama kidogo, si kwa chuki, kama anavyotazamwa mtu aliyesimama njiani mwa wenye mizigo.

"Usiniite," akasema.

Akapinda mgongo wakamtwika gunia jingine. Nilirudisha kitabu chini ya turubai, nikamsaidia dereva kupakia kompyuta, tukateremka Masasi.